Mafunzo Niliyopata kwa Majirani Niliowahukumu

Agosti 2009 tulifanya mkutano wa injili wa siku saba kwenye soko dogo karibu na Mosocho, kando ya barabara itokayo mjini Kisii kwenda Oyugis. Tulikodi jenereta na vipaza sauti viwili, tukavifunga juu ya mkaratusi ili vijiji vya bondeni navyo visikie. Nilikuwa na miaka thelathini na minne, mwalimu wa sekondari na mzee wa kanisa. Zamu yangu ya kuhubiri ilikuwa Jumatano jioni. Dhehebu langu sitalitaja, kwa sababu kosa ninalotaka kulisimulia lilikuwa langu.

Nilihubiri juu ya dhambi. Dhambi za kijiji kile nilizijua moja moja, na nyumba zake nilizijua. Nikasema kuna nyumba ya mabati mekundu chini ya barabara, ambako waume za watu wanamaliza pesa za kahawa kwenye busaa na mengine ya giza yanatendeka. Hakuna aliyehitaji kuuliza ni nyumba ya nani. Mwenyewe alikuwapo, ameketi kwenye nyasi pembeni na binti yake wa darasa la sita. Aliinuka, akamshika mtoto mkono, akateremka naye kuelekea bondeni. Watu walicheka. Mimi nilidhani Roho ameanza kazi.

Haya ndiyo niliyojifunza tangu jioni ile, mengine kwa kuchelewa sana.

1. Aibu ya mtu si mali ya umati

Sisi Abagusii, yaani Wakisii, tuna kitu kinachoitwa chinsoni. Ni heshima na ni haya kwa pamoja: mpaka uliopo kati ya kizazi na kizazi, unaosema ni nani awezaye kuzungumza nini mbele ya nani. Baba na mwana wana maneno ambayo hayatamkwi wakiwa pamoja. Mtoto wa kiume akishatahiriwa haingii tena chumba cha mama yake ovyo. Watoto wetu wa mjini wanaiona kama mila ya kizamani, lakini hata wao, wakija nyumbani Desemba, huteremsha sauti mama mkwe akipita.

Yule mama wa mabati mekundu alikuwa ameolewa na mtu ambaye kwa hesabu ya ukoo ni baba yangu mdogo. Kwa hiyo yeye ni mama yangu, ijapokuwa amenizidi miaka michache tu. Nilisimama juu ya jukwaa la mbao nikamzungumzia mama yangu mambo ya kitandani, mbele ya binti yake, kwa sauti iliyovuka mto. Ningefanya hivyo bila Biblia mkononi, wazee wangeniita wakanitoza mbuzi. Biblia ndiyo iliyoniokoa na faini.

Ilinichukua miaka miwili kwenda kwake kuomba msamaha. Nilikuwa nimejiandaa kusikia hoja: kwamba mumewe alikufa bila kuacha kitu, kwamba karo ya shule hailipwi kwa zaburi. Hakusema hata moja kati ya hayo. Alinipa kiti, akakaa, akasema, "Mwalimu, mlinitaja mbele ya mtoto." Kisha akanyamaza, nami nikanyamaza.

Siku hizo ndipo niliposoma upya ile habari ya Injili ya Yohana, sura ya nane, ya mwanamke aliyefumaniwa akaletwa katikati ya watu. Nilikuwa nimeihubiri mara nyingi, na kila mara nilikimbilia neno la mwisho, pale Yesu anapomwambia asitende dhambi tena. Sikuwa nimeona anavyofanya kwanza. Umati wote unamkodolea macho yule mwanamke; Yesu anainama, anaandika chini. Hamtazami. Wala hamsemeshi mpaka watu wote wameondoka, mmoja mmoja, wamebaki wawili. Mkisii yeyote aliyelelewa vizuri angeitambua tabia hiyo. Alimtunzia chinsoni yake kabla ya kumwambia lolote.

2. Kwetu, hukumu ina petroli ndani yake

Kwingine mhubiri mkali huenda akawaudhi watu tu, wakahama kanisa. Hapa kwetu mambo hayaishii hapo.

Mei 2008, mwaka mmoja tu kabla ya mkutano wetu, watu 11 walichomwa moto hadi kufa katika vijiji vya Kisii kwa kuitwa abarogi, wachawi. Wengi walikuwa wanawake, na wengi walikuwa wazee. Sisi tuliisikia habari hiyo, tukasikitika, tukaombea wafiwa kwenye ibada. Halafu Ijumaa ya mkutano wetu, mwenzangu mmoja akapanda jukwaani akahubiri kwamba Mungu anawachukia abarogi, kwamba wako papa hapa, na kwamba tunawajua. Naamini alikusudia kuwaita watu watubu. Lakini nikikumbuka vijana waliokuwa wamesimama nyuma, mikono mifukoni, sijui walisikia wito gani.

Ng'ambo ya migomba yangu aliishi mjane mmoja. Sote tulimwita Mong'ina tu, kama tunavyomwita kwa heshima mama aliyezeeka. Macho yake yalikuwa mekundu kama macho ya mtu yeyote aliyepikia kuni miaka hamsini kwenye jiko lisilo na dirisha. Watoto wake wawili walikuwa wamefariki, na hilo likahesabiwa dhidi yake, kana kwamba mama aweza kufiwa mara mbili bila kuwa na hatia. Hakuna aliyesimama akamshtaki. Watu waliacha tu kununua ndizi zake. Walimsalimia "Bwakire" wakiwa tayari wameshampita.

Na mimi? Mong'ina alikuwa na desturi ya kuwaletea wanangu ndizi mbivu zimefungwa kwenye jani. Niliwaambia watoto wazipokee kwa mikono miwili, washukuru, kisha wawape ng'ombe. Sikuwaeleza kwa nini. Watoto hawahitaji kuelezwa. Mwaka baada ya mwaka niliwafundisha uchawi wa yule mama, mimi mzee wa kanisa, bila kutamka neno.

Oktoba 2021 mama wanne wazee waliuawa na umati huko Marani, majirani zetu kabisa, kwa tuhuma ileile. Picha zilizagaa kwenye simu. Siku chache baadaye mwanangu wa kiume alirudi kutoka dukani akaniambia vijana wa bodaboda wanasema, "Bado wa huku." Aliongeza, kwa upole wa mtoto anayedhani anatoa habari ya kawaida, "Si ni Magokoro wa ndizi?" Alimaanisha bibi yetu Mong'ina.

Sikulala. Sheria nilikuwa naijua: tangu 1925 Sheria ya Uchawi ya Kenya inamtia hatiani hata anayemsingizia mwenzake uchawi. Asubuhi nilimpigia chifu simu, naye alichukua hatua. Lakini wakati huo nilikuwa nimeelewa kwamba kibiriti hakikuanzia kwenye steji ya bodaboda. Kilipita pia kwenye jiko langu.

3. Kula chakula chake, na watu wakuone

Jioni ileile nilimchukua mke wangu na watoto wote watatu, tukavuka migomba. Mong'ina alishtuka kuona watu wengi mlangoni. Nilimwambia tumekuja kula. Hakuwa na kitu cha maana: obokima, yaani ugali, wa wimbi na mboga ya chinsaga iliyolala usiku mmoja kwenye maziwa. Tukatoka nje, tukakaa chini ya mparachichi ulio kando ya njia, mahali ambapo kila anayepanda kutoka mtoni lazima apite, tukala kwa mkono kutoka sahani moja.

Nani asiyejua kwetu maana ya kula kwa mtu? Hakuna mahubiri yanayoweza kulifikia jambo hilo. Anayeshukiwa kwa sumu na uchawi, usipokula kwake umemhukumu, hata ukimwombea usiku kucha. Ukila umemtoa gerezani. Mama mmoja aliyekuwa amebeba kuni alisimama, akatazama, akaendelea. Kabla ya giza kijiji kizima kilikuwa na habari kwamba mwalimu amekula kwa Mong'ina, na kesho yake kiliona kwamba sijafa.

Tuliendelea hivyo kila wiki. Akina mama wa kanisani, wawili kwanza, kisha sita, wakaanza kumchotea maji na kumpalilia. Mke wangu alichukua ndizi zake pamoja na zetu kuzipeleka soko la Nyakoe, na mteja akiuliza zimetoka wapi alijibu ukweli. Mkungu wa kwanza ulirudi nyumbani. Wa pili ulinunuliwa.

Zakayo, ukiisoma Luka vizuri, hajatubu wakati Yesu anapojialika nyumbani kwake. Habari ya kurudisha pesa za watu inakuja baadaye, na ni yeye mwenyewe anayeileta.

4. Karne nzima ya karipio haikukiweka kisu chini

Ukristo uliingia Gusii kabla ya Vita vya Kwanza: Wakatoliki Nyabururu mwaka 1911, Wasabato Nyanchwa mwaka 1912. Leo ukitembea kutoka Mosocho hadi mjini huwezi kumaliza kilomita bila kupita kanisa. Na tangu siku za mwanzo makanisa mengi yamelaani ukeketaji. Waliotahiri wasichana walitengwa ushirika, wakanyimwa meza ya Bwana, wakasomwa majina.

Sasa tazama hesabu. Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2014 ulikuta asilimia 84 ya wanawake wa Kikisii walio kati ya miaka 15 na 49 wamekeketwa, na hiyo ni miaka mitatu baada ya Bunge kupitisha sheria ya 2011 ya kupiga marufuku. Wanawake hao si wapagani wa kuhadithiwa. Wanaimba kwaya. Karipio letu liliuhamisha ukeketaji, halikuumaliza: ukatoka kwenye sherehe ya mchana ukaingia chumba cha nyuma usiku, ukatoka mikononi mwa bibi ukaingia mikononi mwa mhudumu wa afya aliyelipwa kimyakimya wakati wa likizo.

Mosocho yetu ina historia nyingine katika jambo hili, na ninasikitika kwamba makanisani hatuitaji sana. Mwaka 2002 ulianza hapa mradi uliokuja kujulikana kama Fulda-Mosocho, kwa kuwa ulituunganisha na watu wa mji wa Fulda, Ujerumani. Kilichonivutia ni mahali ulipoanzia. Haukuanza kwa kumwambia mama kwamba yeye ni mkatili. Ulianza na thamani ya mtu, mwili wake na heshima yake, ukawaachia wanawake nafasi ya kufika wenyewe kwenye swali la kisu. Sidai kwamba desturi imekwisha. Ninachosema ni kwamba mama aliyemkeketa bintiye alifanya hivyo kwa kuogopa asije akakosa mume na kuchekwa kisimani, yaani alifanya kwa kumpenda. Ukimwita shetani, umemkosa. Hayumo kwenye sentensi yako. Ukianza na upendo ule wenye hofu, unaweza kukaa naye mpaka usiku mkazungumza.

Binti zangu wawili hawakukeketwa. Aliyeleta uamuzi huo nyumbani ni mama yangu mzazi, aliyekuwa ametengwa ushirika mara moja kwa ajili ya dada zangu. Miaka yote ile ya adhabu hakubadili mawazo. Alibadili baada ya muuguzi mmoja mzee kukaa naye jikoni, akamweleza jinsi yeye mwenyewe alivyoteseka kujifungua, wakalia pamoja.

5. Mwenye kushuhudia aanze na lake

Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioanzia Gahini nchini Rwanda na Uganda miaka ya 1930 ukaenea hadi Kenya na Tanganyika, una mengi ya kujadiliwa. Wale ndugu nao walijua kuhukumu. Lakini waliacha desturi moja ambayo ningetamani irudi. Katika mikutano yao mtu alisimama akasema dhambi yake mwenyewe. Alisema nimemwibia mwajiri sukari, nimemchukia ndugu yangu wa kabila lile, kisha akaenda kuirudisha ile sukari.

Novemba 2021 niliomba nafasi kanisani. Nikaeleza habari ya ndizi zilizolishwa ng'ombe. Nikaeleza na habari ya jukwaa la 2009, bila kutaja nyumba wala mabati. Mzee mmoja hakupendezwa, akaniambia baadaye kwamba kiongozi akijivua nguo mbele ya kundi, kundi litapotea. Huenda. Ninachojua ni kwamba juma lile watu watatu walikuja nyumbani kwangu usiku, kila mmoja peke yake, na kila mmoja alikuwa na mtu wake ambaye alikuwa hamsalimii.

6. Mpende na mwenye kiberiti

Hili ndilo lililonishinda, na bado linanishinda.

Aliyekuwa akiueneza uvumi kuhusu Mong'ina tulimjua. Alikuwa mtoto wa shemeji yake, kijana wa bodaboda, na shamba la mjane, lenye ukubwa usiofika nusu eka, lilipakana na lake. Ukichunguza tuhuma nyingi za uchawi katika vilima vyetu vilivyojaa watu, chini utakuta mpaka wa shamba. Nilipogundua nilitaka kumwona amefungwa. Nilitaka, nikiwa mkweli, kumtaja kwenye kipaza sauti.

Nilikuwa na kitabu kidogo cha Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, Uganda. Mwezi wa Februari 1977 Idi Amin alimuua Askofu Mkuu Janani Luwum, na Kivengere akakimbia na mkewe kuvuka mpaka kwa miguu usiku. Mwaka huohuo, akiwa uhamishoni, alitoa kitabu ambacho jalada lake linatamka kwamba anampenda Idi Amin. Kwa miaka mingi nililiona jina lile kama la kutafuta wasomaji. Sikuweza kuliona hivyo tena nikiwa nimekaa sebuleni na jina la kijana yule mdomoni.

Nilimwita. Sikumlainishia maneno, kwa sababu kumpenda mtu si kumdanganya. Nilimwambia: mwanangu, huyu si mchawi, wewe unataka shamba, na mtu yeyote akimgusa nitakwenda mahakamani kusema niliyoyasikia. Kisha nikamuuliza habari zake. Alikuwa na pikipiki ya mkopo, malipo ya kila siku, mtoto mchanga, na baba aliyemgawia ardhi isiyotosha mistari ishirini ya mahindi. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na minne. Mwaka ule wa mkutano wetu alikuwa mtoto wa miaka kumi na miwili. Nilimuuliza kama alikuwapo. Alisema ndiyo, walikaa mbele kabisa, watoto wote, kwa sababu ya taa.

Sikuwa na la kumjibu. Nilimwomba radhi kwa yale aliyoyasikia pale, akanitazama kana kwamba nimezungumza lugha ngeni.

Hatukuwa marafiki. Alipita kwangu mara mojamoja, tukanywa chai. Siku moja nilimkuta amemshushia Mong'ina gunia la mahindi mlangoni, hakumtoza nauli, na hakunisalimia.

7. Usihesabu wanaoingia

Mama wa mabati mekundu hajaja kanisani. Binti yake sasa ni mwalimu kama mimi, anaabudu kwingine, na tukikutana ananiita kaka. Mama mwenyewe nilimwuliza mara moja tu kama angependa kuja. Akasema, "Nitakuja siku mtakayonyamaza." Bado anapika busaa, siku za soko. Nami nimeacha kuuliza.

Mong'ina alifariki mwaka 2023, msimu wa mvua ndefu, kitandani kwake, usingizini. Kwa mjane aliyeitwa alivyoitwa, katika vilima hivi, kifo cha namna hiyo ni zawadi kubwa, na akina mama walilisema hilo waziwazi walipokuwa wakimwosha. Mama wa mabati mekundu alikuja tangu jioni ya kwanza ya matanga na sufuria zake kubwa. Akawapikia watu siku tatu. Mhubiri alipoanza kuzungumza siku ya maziko, aliondoka kimya kupitia nyuma ya nyumba, nami nilimwona, nikamwacha aende.

Kaburi tulilikuta limeanza kuchimbwa. Kijana wa bodaboda alifika kabla ya mapambazuko, peke yake, akapima upande wa kushoto wa nyumba kama desturi inavyotaka kwa mwanamke. Tulipofika na majembe yetu alikuwa ndani hadi mabegani, udongo mwekundu kichwani. Tulitaka kumpokea, akakataa. Alichimba mpaka mwisho, akatoka, akaniomba maji ya kunawa.